Kamera ya AE-1 imemwagiwa WD-40, shata imeganda, na duka bado linadai 85,000 (Mwanza)

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni kwa wote wanaopiga kamera za mkanda hapa Mwanza, kuanzia Igoma mpaka Kirumba, hasa yule ambaye kesho asubuhi anataka kumpelekea fundi kamera yake. Jina la duka sitaliweka kwa kuwa shauri bado linaendelea. Liko katikati ya jiji, linatengeneza simu, kompyuta na "kamera aina zote". Hayo ni maneno ya bango lao wenyewe, yashikeni, nitayarudia.

Kamera ni Canon AE-1 yenye lenzi ya FD 50mm f/1.8. Ilipoingia dukani ilikuwa na kasoro moja: ukibonyeza, inalia. Anayeijua AE-1 anaujua mlio huo mwembamba, kama mtu mwenye pumu, unaosikika kioo cha ndani kinapopanda. Wengine wanauita kikohozi cha Canon. Shata (pazia linaloachia mwanga ufike kwenye mkanda) ilikuwa inafyatuka, spidi sahihi, picha zinatoka. Siku 19 baadaye imerudi haifyatuki ila kwa kubahatisha, na sasa haifyatuki kabisa, skrubu za chini zimelika vichwa, kioo kimechubuka, dirisha la kuchungulia lina utando mweupe na mlango wa nyuma haufungi vizuri. Bili 85,000, juu ya 40,000 iliyotangulia. Maelezo yao ni sentensi moja: "Mfumo wa umeme umekufa bosi, hizi kamera za zamani zinakufa zenyewe."

Huo ni uongo, na kamera yenyewe inawaumbua.

Kwanza, mlio. Pembeni ya kisanduku cha kioo kuna gia ndogo za kupunguza kasi, ili kioo kipande bila kujigonga. AE-1 ilianza kutoka 1976 na nyingi zilizopo mikononi mwa watu zimepita miaka 40. Mafuta ya kiwandani yamekauka, gia kavu zinasagana, zinalia. Dawa ni mafuta mepesi ya saa, kiasi kinachobaki kwenye ncha ya sindano. Njia ya mkato ni kufungua skrubu moja ya mdomo wa lenzi, kupitisha sindano ndefu iliyokunjwa ncha mpaka kwenye gia, kugusa mara moja, kisha kufyatua shata mara 20 hivi mafuta yasambae. Njia kamili ni kutoa sehemu ya mbele, kuosha gia kwa petroli nyepesi ya viberiti, kukausha, ndipo uweke mafuta. Fundi mzoefu anayechukua mkato hamalizi saa moja. Asiyejua gia zilipo hatakiwi kugusa kabisa.

Hapa hawakutumia sindano. Ni WD-40, ile dawa ya kupuliza, kopo na mrija wake, imepulizwa kupitia mdomo wa lenzi. Harufu ilikuwa bado ipo siku ya kuichukua. Fungua mlango wa nyuma utaona pazia la shata lina doa jeusi linalong'aa, upana wa kucha ya kidole gumba, upande ule ule wa gia. Pazia la AE-1 ni kitambaa kilichopakwa mpira na mafuta yanaudhoofisha mpira huo. Doa halikuwepo: picha zilizopigwa siku ya kukabidhi zinaonyesha pazia kavu, safi, rangi moja.

WD-40 ilibuniwa 1953 kufukuza maji na kuzuia kutu kwenye chuma. Sehemu kubwa yake ni kiyeyusho kinachopotea hewani, na kinachobaki ni utando unaonata, halafu inatambaa. Leo umeipuliza kwenye gia, baada ya wiki iko kwenye pazia, kwenye sumaku na kwenye visu vya lenzi (vile vipande vinavyopunguza na kuongeza mwanga). Kwenye bawaba ya geti itumie utakavyo. Kwenye kamera unawasha moto wa polepole.

Sasa hiyo hadithi ya umeme uliokufa. AE-1 haifyatuki bila betri, hilo kweli, kwa hiyo mtu akiambiwa "umeme" anakubali haraka. Pimeni hivi. Weka betri mpya ya 4LR44, ya volti 6. Bonyeza kitufe cha kupimia betri huku unachungulia: sindano ya kipima mwanga inayoonekana ndani ikitulia kwenye 5.6 au chini yake, betri ni nzima. Kisha bonyeza shata nusu, elekeza kwenye ukuta wenye mwanga usiobadilika, halafu geuza spidi kutoka 1/60 kwenda 1/125. Sindano ikihama stopu moja (hatua moja ya mwanga, mara mbili au nusu yake), mzunguko unasoma mwanga, unasoma spidi na unapiga hesabu. Kwenye kamera hii vyote vinafanya kazi. Umeme uliokufa unapigaje hesabu?

Kilichoganda ni sumaku ya kufyatulia, iliyo chini, ukishafungua bamba la chini. Kuna kipande cha chuma kilicholala juu ya uso wa sumaku, na kinatakiwa kuachia papo hapo umeme unapopita. Uso ule unatakiwa kuwa mkavu kabisa. Ukipata utando wa mafuta, chuma kinanata kama vioo viwili vilivyolowa maji, na kamera inakuwa kama maiti ingawa kila kitu kingine ni kizima. Tiba ni ukanda mwembamba wa karatasi safi uliolowekwa isopropili ya asilimia 99: unaupitisha katikati, unauvuta taratibu, unabadilisha karatasi mpaka itoke bila rangi. Karatasi 4 au 5. Hakuna kipuri kinachonunuliwa. Na wao wameandika kwenye bili "IC 50,000"! IC, yaani chipu ya umeme, ipi? Wametakiwa kuonyesha ya zamani waliyotoa, hawana. Wametakiwa kuonyesha mpya walipoifunga, hawajui iko wapi.

Ushahidi mwingine. Siku ya kwanza baada ya kurudi shata ilikuwa inakubali mara moja moja, na hapo ilipimwa kwa simu inayorekodi fremu 240 kwa sekunde. Toa lenzi, fungua mlango wa nyuma, weka taa mbele, rekodi, halafu hesabu ni fremu ngapi zinaonyesha mwanga kwenye nukta moja ya katikati ya dirisha la filamu. Usihesabu dirisha zima kwa sababu pazia linatembea. Kwa 1/30 zinatakiwa fremu 8, kwa 1/15 fremu 16. Kamera hii kwa 1/30 ilitoa 19, yaani karibu 1/13, stopu moja na zaidi ya mwanga wa ziada. Hiyo ni dalili ya pazia la pili kuchelewa kuachiwa, kwa maana sumaku yake nayo imelowa. Njia hii inafaa kwa spidi za chini tu. 1/1000 ni milisekunde 1 na fremu moja ya simu ni milisekunde 4 hivi, kwa hiyo usidanganyike kupimia huko. Kabla ya kupelekwa, 1/30 ilitoa fremu 8, na video zote mbili zipo.

Skrubu. Kamera za Kijapani zina skrubu za msalaba za kipimo cha JIS. Kwa macho zinafanana na za msalaba wa kawaida, ila bisibisi ya kawaida ncha yake haifiki chini ya mtaro, ukikaza inapanda na kula kichwa. Bisibisi ya JIS haikosekani kwa fundi anayefanya kazi hii kweli. Hawana. Wametumia ya simu.

Kioo. Kioo cha kamera hizi kina tabaka linaloakisi kwa mbele, si kwa nyuma kama cha bafuni, hivyo ukikifuta kwa kitambaa cha simu unafuta kioo chenyewe. Vumbi linatolewa kwa pampu ya hewa ya mkono na basi. Kiliguswa kwa nini wakati kasoro iliyoandikwa ni mlio?

Halafu sponji, ambayo hakuna aliyeiomba. Ile sponji nyeusi ya kuzuia mwanga inaoza na kuwa kama lami, ni kweli, na wangesema wanataka kubadilisha wangeruhusiwa. Lakini wamebandika yenye unene wa milimita 5 mahali panapotaka 2, na ya kijivu, kwa supaglu. Mlango unasukumwa nje upande wa bawaba, mwanga unaingia kwa nyuma, na mkanda wa rangi utatoka na mistari ya rangi ya machungwa. Mvuke wa supaglu ndio uliopanda mpaka kwenye kioo cha kufokasi, kile kilicho juu ya kioo kinachopanda na unachokiona ukichungulia, na kuacha ule utando mweupe. Kioo hicho kwenye AE-1 ni plastiki laini. Ukitumia kiyeyusho kitachubuka, ukikisugua kitachubuka. Hiyo ndiyo sehemu inayouma kuliko zote, kwa sababu sumaku itasafishika, sponji itabandukika, lakini kioo hicho sasa kinataka kamera nyingine ya kukatwa vipuri.

Duka linaegemea karatasi yao iliyoandikwa "duka halihusiki na uharibifu wowote". Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu huduma anayouziwa, na anayeandika "kamera aina zote" halafu hana hata bisibisi yake anadanganya. Kumtoza mtu kipuri ambacho hakikufungwa ni udanganyifu mwingine. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) hawakutoa, walitoa kikaratasi cha mkono. TRA wamepiga kelele miaka yote, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, na hapa ndipo unaona kwa nini. Bahati ni kwamba ile 40,000 ilitumwa kwa simu, ujumbe wa muamala upo, na mazungumzo ya WhatsApp ambayo fundi anasema "nimeipulizia dawa italainika" yapo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa namna hiyo unapokelewa mahakamani. Msifute meseji za mafundi.

NYONGEZA, kwa mliouliza huko chini:

Aliyeuliza kama fundi saa anafaa: kwa Pentax K1000 au Nikon FM2, fundi saa mtulivu ni bora kuliko fundi simu mara kumi. Hizo ni mitambo mitupu, betri ni ya kupimia mwanga tu. Ana mafuta sahihi, ana lenzi ya jichoni, ana mkono mwepesi. AE-1 asiifungue juu, kule kuna mzunguko unaokunjika kama karatasi, na ukikatika umekwisha.

Mafuta ya cherehani? Kwa gia za kioo, kama huna ya saa, tone dogo linaweza kupita. Kwenye visu vya lenzi hapana kabisa, kule hakutakiwi mafuta ya aina yoyote.

Mkuu aliyesema "nunua simu nzuri uachane na makopo", uzi huu hauhusu hilo.

Anayetaka kukabidhi kamera wiki hii: toa lenzi na betri ubaki navyo kama kasoro haiko huko. Andika namba ya bodi kwenye karatasi ya duka, fundi asaini. Andika kasoro kwa maneno yake kamili, "inalia kioo kikipanda, mengine mazima", na chini yake "kisifunguliwe kingine bila kupiga simu". Piga picha pazia, kioo, skrubu za chini na sponji mbele ya fundi. Rekodi spidi 3 za chini. Muulize gia za kioo ziko upande gani, na bisibisi yake ni ya kipimo gani. Akianza kucheka au kusema "usijali bosi", beba kamera yako uondoke.

Na ninyi wa kando ya ziwa, Capri Point, Igombe, Ukerewe: unyevu wetu unaotesha ukungu kwenye lenzi. Usikubali isuguliwe kwa dawa ya meno, inakula rangi ya juu ya kioo na hairudi.

Barua imeshapelekwa dukani, nakala imesainiwa na kijana wa kaunta. Wamepewa siku 7: warudishe 40,000, wafute 85,000, walipe gharama ya kusafisha sumaku zote mbili na kupata kioo cha kufokasi, na warudishe skrubu moja ya bamba la chini ambayo haipo. Wasipojibu, hatua inayofuata ni kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Mahakama ya Mwanzo, na malalamiko kwa Tume ya Ushindani yatakwenda siku hiyo hiyo. Kamera haifunguliwi na fundi mwingine mpaka hapo, ili doa lile libaki lilivyo.