DVD ya The Third Man inakimbia, naomba ushauri

Wakuu, habari za saa hizi. Nina DVD ya PAL (mfumo wa TV wa fremu, yaani picha, 25 kwa sekunde) ya filamu The Third Man (1949). Filamu kamili ni dakika 104, hii inaishia kwenye 100. Haijakatwa, msimulizi wa mwanzo ni mwongozaji Carol Reed, si mwigizaji Joseph Cotten wa toleo fupi la Marekani. Ni fremu 24 kukimbizwa hadi 25 kwa sekunde, na mlio wa zitha (ala ya nyuzi) ya Anton Karas unapanda karibu nusu toni. Inaudhi!

VLC (programu ya kuchezea video) kwenye kasi 0.96 inarudisha muda, ila mlio wa sauti unabaki juu. Nikizima mpangilio wa kunyoosha sauti (time-stretching), mlio unashuka vizuri, lakini picha inagugumia kwenye TV ya 50Hz (inayoonyesha picha mara 50 kwa sekunde).

Je, kompyuta nikiiweka 24Hz kupitia HDMI inatosha? Au nitengeneze faili ya video ya MKV ya fremu 24, nipunguze kasi ya sauti pekee bila kuzibadili picha zenyewe?