Kitabu cha mwaka cha shule: makala ndefu au vipande vifupi vifupi? Tulinganishe

mhariri_mpya
Wadau habari zenu. Nimeachiwa upande wa maandishi kwenye kitabu cha mwaka cha shule, timu yangu ni wanafunzi 7 na wawili kati yao hawapokei simu. Mwaka jana kila kurasa mbili zinazotazamana zilikuwa na makala ya maneno kama 400, kitabu kilivyotoka nikapita madarasani kuuliza nani kasoma, kimya, mmoja tu akanyoosha mkono akasema alisoma ile iliyomtaja yeye. Sa mwaka huu nataka tukate, nimeona watu wanatumia maswali na majibu, namba tupu, ratiba ya siku saa kwa saa, picha na nukuu, orodha, kura za maoni, alafu kuna vile visimulizi vifupi mtu anaongea mwenyewe. Ipi inafaa wapi? Na makala ndefu niifute kabisa au?

kalamu_butu
Usiifute, ila isiwe kila mahali. Mi naanzaga na kuangalia nimeokota nini huko nje. Kama nimerudi na vitu vidogo vingi visivyoungana, hiyo ni orodha au namba. Kama kuna kitu kilianza hivi kikaishia vile na katikati mtu akabadilika, hiyo ni makala, ukiikatakata unaiua.

Namba nazipenda kwa michezo lakini watu wanazikosea sana. Wanaandika mechi 14, ushindi 9, magoli 31, basi. Hiyo ni ripoti ya kocha. Weka hizo hizo alafu changanya na viatu vilivyosahaulika kwenye basi jozi 2, mara ambazo kocha alipoteza sauti 3, dakika aliyocheza kipa wa akiba msimu mzima 1. Hiyo dakika 1 ndo mtu anacheka nayo na anamkumbuka huyo kijana. Ila lazima ziwe za kweli, mtu akae uwanjani ahesabu, sio mnazitunga mkiwa mezani siku ya dedlaini.

mama_klabu
Mwanangu mhariri pole na hao wawili wa simu 😂 kila timu inao.

Nimesimamia hiki kitu miaka kadhaa, nikuambie ukweli maswali na majibu ndo yanaonekana rahisi kuliko yote na ndo yanaharibika kuliko yote. Mwanafunzi anaenda na "ulijisikiaje kushinda" anajibiwa "nilifurahi sana namshukuru kila mtu", mnachapa hivyo hivyo. Mi nawaambia ulizeni maswali 10 mchape 3, na swali likiweza kuulizwa mtu yeyote shuleni, litupeni. Usimuulize mpiga ngoma anapenda nini kuhusu bendi, muulize fimbo ilivunjika wimbo wa ngapi na akafanya nini.

Kile cha mtu kuongea mwenyewe ndo kipenzi changu. Unarekodi dakika kumi, unaondoa maswali yako yote, unabaki na maneno yake kama 80 hivi. Kuna kimoja ninacho, cha mwanafunzi wa mbio za kupokezana, nilikitunza:

"Filimbi ililia mi bado nafunga kamba ya kiatu. Nikasema liwalo na liwe, nikakimbia na kiatu kimoja kinalia pwata pwata. Nilivyompa mwenzangu kijiti akaniuliza mbona unacheka. Nikashindwa kumjibu. Tulikuwa wa nne. Watu wa kwanza hakuna anayewakumbuka, mi kiatu changu mpaka leo wananiuliza kipo wapi."

Ukiyageuza hayo kuwa makala ya "wanariadha wetu walijitahidi" umeshayazika. Ila msomee mwenyewe kabla ya kuchapa, umepunguza maneno yake kwahiyo ahakikishe bado ni yeye anaongea. Na usimpe maneno ambayo hakusema hata kama yanapendeza.

asilimia_mia
Naongezea kwenye kura za maoni maana hapo nimeona vituko. Kitabu kimoja kiliandika asilimia 67 ya waogeleaji wanaogopa maji ya baridi, kumbe waogeleaji walioulizwa ni watatu. Watu wachache andika idadi, wawili kati ya watatu, imeisha. Na kama umeuliza watu 40 kwenye shule ya 600, usiandike "wanafunzi wanasema", andika tuliuliza 40, maana tunajua wote hao 40 ni marafiki zenu wa grupu moja. Pita madarasa tofauti. Alafu jumlisheni kabla ya kuchora ule mduara wa asilimia, mkiacha watu wachague jibu zaidi ya moja jumla inapita 100 na mduara hauchoreki, tumieni mistari.

mchora_kurasa
Nyie mnaongea maandishi, mi nawaletea mateso ya upande wangu. Makala moja ni kisanduku kimoja nalala mapema. Vipande sita kwenye kurasa mbili ni vichwa sita, picha sita au zaidi, na kila kimoja kinapiga kelele. Kwahiyo ukienda na vifupi bado picha MOJA iwe kubwa, kama mara mbili ya inayofuata, la sivyo jicho halijui lianzie wapi. Sura za watu zisikae kwenye mkunjo wa katikati, zinamezwa. Maandishi chini ya pointi 8 usithubutu, najua mtataka mbanane. Picha za kuchapa ziwe 300 dpi, yani nukta 300 kwa kila inchi, kwa saizi itakayochapwa, ile iliyopita kwenye grupu la simu imeshaminywa, omba ya mwanzo.

Na usinipe mtindo mpya kila ukurasa. Chagua mitatu au minne mzungushe kitabu kizima.

jino_la_pembe
Mi niwe mpinzani kidogo. Vifupi vinasomwa leo sawa, lakini hiki kitabu kinafunguliwa baada ya miaka 20. "Vitu 5 tulivyosema sana mwaka huu" bila maelezo hata mwenyewe utakuwa umesahau maana yake. Picha yenye nukuu "kama kawaida yetu 🔥" hakuna jina, hakuna tukio, huyo ni nani?

kalamu_butu
@jino_la_pembe hilo kweli, kila picha iwe na jina kamili, darasa na kilichokuwa kinatokea, hata kama kipande ni mstari mmoja. Ila kwamba vifupi havikai kichwani nakataa. Utafiti wa EyeTrack wa taasisi ya Poynter huko Marekani, 2007, uliona waliosoma habari iliyokatwa kwa maswali na majibu, orodha na mtiririko wa matukio walikumbuka mambo mengi kuliko waliosoma makala ya kawaida.

jino_la_pembe
Hao walikuwa wasomaji wa magazeti mkuu, waliulizwa palepale. Sio miaka 20.

kalamu_butu
Haya hapo umenibana.

mhariri_mpya
Asanteni sana, sa nina kitu kigumu. Mwaka huu tulimpoteza mwanafunzi mwenzetu. Mtu kwenye timu kapendekeza "mambo 10 tunayomkumbuka nayo", nikasita ila nikashindwa kueleza kwanini.

mama_klabu
Poleni sana mwanangu. Umesita vizuri. Orodha yenye namba ina mdundo wa utani, kumi tisa nane, msomaji anasubiri cha kuchekesha. Hapo weka picha moja, nafasi nyeupe ya kutosha, na kama kuna rafiki anaweza kuandika aya mbili tatu bila haraka aandike. Hata kama ni ndefu iache. Kabla ya yote ongeeni na familia wakubali na waisome, wakisema jina na picha tu, basi ni jina na picha tu. Na ukurasa unaofuata usiwe wa vichekesho, mwambie mchora kurasa wako.

mchora_kurasa
Hilo la ukurasa unaofuata ni la kweli kabisa, nimewahi kuona ukurasa wa kumbukumbu umekaa ubavuni kwa "nani analala sana darasani". Ilibidi wachape upya.

mhariri_mpya
Tumeshaongea na familia, dada yake anaandika yeye.

Kwengine tumeamua namba kwa michezo, mtu kuongea mwenyewe kwa vilabu, makala ndefu mbili tu kitabu kizima. Ya ratiba tumeijaribu kwa mlinzi wetu wa geti, nilidhani tutajaza saa 12 asubuhi mpaka jioni, saa 12 ana stori tatu, saa 2 ana wachelewaji anawajua kwa majina, saa 4 mpaka saa 7 akatuambia andikeni "nafikiria". Tumeandika hivyo hivyo.

asilimia_mia
Masaa matatu anafikiria 😂😂 hiyo weka herufi kubwa.