Fao la upotevu wa ajira: mwajiri kala michango, faili linasimamishwa la kwangu!

Wakuu, habari zenu.

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Tumepunguzwa kazi kiwandani, mimi na wenzangu wa stoo karibu wote. Hatukuiba, hatukugoma, hakuna aliyeacha kwa hiari yake. Barua ya kampuni inasema nafasi zetu zimefutwa. Michango ya hifadhi ya jamii nimekatwa kila mwezi tangu nilipoajiriwa, na hata ningetaka kuikwepa nisingeweza, maana makato yanatoka kabla mshahara haujafika kwangu. Sasa kazi hakuna, nimeomba fao la upotevu wa ajira, na faili langu limesimama. Halijakataliwa. Lingekataliwa ningepewa barua yenye sababu, nikaipeleka mbele. Hili limesimama tu, na hakuna anayeniambia kwa maandishi limesimama kwa ajili ya nini.

Kwa wasiolijua fao hili nieleze kidogo, kwa sababu wengi hulisikia siku wanapokabidhi kitambulisho cha kazi getini. Mageuzi ya mifuko ya hifadhi ya jamii ya mwaka 2018 yaliondoa fao la kujitoa, lile ambalo mtu akiachishwa kazi alichukua michango yake akaenda kuanzisha chochote. Tulielezwa kwamba watu wanamaliza akiba wakiwa vijana halafu wanazeeka mikono mitupu. Hoja hiyo naielewa, sina ugomvi nayo. Badala yake likaja hili: uwe raia wa Tanzania, uwe hujafika miaka 55, uwe umechangia angalau miezi 18, na kazi iwe imekwisha bila wewe kuacha mwenyewe. Ukitimiza hayo unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara, kila mwezi, kwa miezi sita.

Pigeni hesabu. Mtu wa mshahara wa laki sita anapata laki mbili kasoro kidogo kwa mwezi. Miezi sita yote haifiki milioni moja na laki mbili. Mtu huyohuyo, yeye na mwajiri wake, kila mwezi wanatakiwa kuweka asilimia 20 ya mshahara, yaani laki moja na elfu ishirini, ambayo kwa mwaka ni milioni moja laki nne na elfu arobaini. Kwa hiyo fao lote, kuanzia malipo ya kwanza hadi ya mwisho, halifikii michango ya mwaka mmoja. Sijaomba hisani ya mtu, wala sijaomba utajiri. Nimeomba kipande cha pesa ambayo sehemu yake niliitolea jasho mwenyewe, tena nimeiomba wakati ule hasa iliotengwa kwa ajili yake.

Nieleze kilivyo kikwazo chenyewe.

Nilipofika dirishani kwenye ofisi ya mfuko na barua ya kupunguzwa, mkataba, kitambulisho cha NIDA, taarifa ya benki na fomu iliyogongwa muhuri, yule afisa alinitolea taarifa yangu ya michango. Akachukua kalamu akaanza kuzungushia duara. Januari ipo, Februari ipo, Machi hakuna, Aprili hakuna, Mei ipo lakini pungufu. Ukurasa wa pili ukajaa maduara. Mimi nikatoa slipu zangu za mshahara, ninazo zote, nazitunza kwenye bahasha. Slipu ya Machi: makato ya hifadhi ya jamii, yapo. Slipu ya Aprili: yapo. Nikaziweka pembeni ya karatasi yake ili azione kwa macho.

"Mama, mimi nakuelewa," akaniambia, "lakini mwajiri wako hajaleta hizi."

Nikamuuliza sasa mimi nifanyeje.

"Rudi ukamwambie alipe, halafu uje."

Nirudi kwa mwajiri! Mwajiri aliyenitoa kazini! Wale walinzi wa getini wana orodha ya wanaoruhusiwa kuingia na jina langu halimo tena. Meneja utumishi simu yangu haipokei. Mtu niliyekuwa mfanyakazi wake sikuwa na nguvu ya kumlazimisha alete michango, leo si mfanyakazi wake ndiyo nitaipata wapi hiyo nguvu? Mfuko una wakaguzi, una wanasheria, una sheria inayouruhusu kumpeleka mwajiri mahakamani na kudai michango kama deni. Mimi nina bahasha ya slipu. Halafu kazi ya kumfuata mdaiwa inapewa mimi.

Hili ndilo nataka mlione, wakuu. Sheria inamtaka mwajiri awasilishe michango ndani ya siku 30 baada ya mwezi kuisha, na akichelewa kuna faini juu yake. Kwa hiyo pengo la Machi halikutakiwa kugunduliwa leo, kwa kalamu, mbele ya mtu aliyekosa kazi. Lilitakiwa kuonekana kabla Mei haijafika. Mfumo wa kompyuta unaojua kunizuia mimi kwa sababu Machi haipo, ulishindwa nini kumpigia kelele mwajiri wakati ule Machi ilipokosekana? Miaka yote hiyo ukimya. Siku naomba mimi ndiyo kila mtu anakuwa makini.

Na msiniambie wafanyakazi tufuatilie wenyewe taarifa zetu kwenye simu. Tunafuatilia. Kwetu kuna waliowahi kwenda ofisi ya utumishi kuuliza michango, wakajibiwa "inashughulikiwa", na aliyeuliza mara nyingi akahamishiwa zamu ya usiku. Mfanyakazi anaona pengo, sawa, akishaliona amfanye nini mtu anayemlipa mshahara?

Kuna jambo jingine ambalo nalisema kwa uchungu kwa ajili ya wadogo zetu walio makazini. Kuna waajiri ambao wakitaka kupunguza watu wanawaita mmoja mmoja ofisini, wanafunga mlango, wanasema: "Andika barua ya kuacha kazi, utaondoka vizuri, na sisi tutakupa barua nzuri ya utambulisho kwa mwajiri mwingine." Mtu kwa woga anaandika. Ameshajimaliza! Fao hili halilipwi kwa aliyeacha kazi mwenyewe. Ile barua moja inamwokoa mwajiri na malipo ya kupunguza wafanyakazi, kwa maana ya kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na papo hapo inamfungia mfanyakazi mlango wa mfuko. Mwenzetu mmoja wa upakiaji aliandika. Akifika dirishani anaoneshwa sahihi yake mwenyewe. Usisaini. Kama wanakutoa, waandike wao kwamba wanakutoa.

Wale wanaosema nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi: nimekwenda, na nawashauri mwahi, kwa sababu anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu tangu aachishwe, na madai mengine ya kazini yana siku 60. Watu wengi wanazimaliza siku hizo wakisubiri "faili lishughulikiwe" upande wa fao, wakidhani ni jambo moja. Si jambo moja. Fao haliwezi kukusubirisha hadi haki yako ya kushtaki ikapita, msikubali. Dai pia hati ya utumishi, ni haki yako kisheria unapoondoka, hata kama mmeachana kwa ugomvi.

Turudi kwenye faili. Tangu siku ile ya maduara majibu yamekuwa haya: liko kwenye uhakiki. Limepelekwa makao makuu. Limerudi, kuna kitu hakikukaa sawa. Kitu gani? Jina. Kwenye NIDA nina majina matatu, kwenye taarifa za uanachama mwajiri aliniandikisha kwa mawili. Hilo nalo nikarekebishe. Nimerekebisha. Sasa mwajiri hajaingiza kwenye mfumo tarehe ya mimi kuacha kazi, kwa hiyo kompyuta inaniona bado niko kazini. Nina barua ya kuondolewa mkononi, yenye muhuri na tarehe, lakini kompyuta inasubiri imsikie mtu yuleyule asiyepokea simu! Kila kikwazo kinatajwa peke yake, kimoja kikiisha ndipo unaambiwa cha pili. Kwa nini siku ya kwanza mtu hapewi orodha yote akaondoka nayo? Afisa mmoja aliyeniangalia kwa huruma aliniambia tu kwa sauti ya chini nisichoke. Simlaumu yeye. Hana mamlaka hata ya kunipa karatasi inayosema faili limesimama kwa sababu hii na hii.

Wakati huo mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtoto amefungua shule. Dukani nimeshakopa mpaka naona aibu kupita mbele ya lile duka. Sitaki kuhurumiwa kwa hayo, nayataja kwa sababu fao hili limewekwa kwa ajili ya hayohayo, kumshikilia mtu miezi ya mwanzo asizame wakati anatafuta kazi. Likija baada ya mtu kuhamishwa nyumba na kuuza kitanda, limekuja kulipa madeni tu.

Shirika la Kazi Duniani, ILO, kwenye mkataba wake namba 102 wa mwaka 1952, lilipoweka viwango vya chini vya hifadhi ya jamii, kwa aliyekosa kazi liliruhusu muda wa kusubiri usiozidi siku saba za mwanzo. Siku saba! Mwaka 1952, hakuna kompyuta, hakuna malipo ya simu, mafaili yanabebwa kwa mikono. Waliojadili waliona kwamba mtu asiye na mshahara hawezi kusubiri zaidi ya wiki. Sisi tuna namba za NIDA, tuna alama za vidole, mshahara wenyewe unapita benki na kuacha kumbukumbu, halafu hatuwezi hata kutaja tarehe.

Kikokotoo cha wastaafu, yaani kanuni ya kupigia hesabu mafao yao, kilipigiwa kelele mpaka Rais Magufuli akakisitisha Desemba 2018, na kelele zikaendelea mpaka kikatazamwa upya. Vizuri sana, wastaafu wetu walistahili kupiganiwa. Lakini sisi tunaokatwa katikati ya safari nani anatusemea? Hatuna chama cha wafanyakazi, kwa sababu chama ulikiacha kazini pamoja na kitambulisho. Tumesambaa, kila mtu kwenye foleni yake, kila mtu anadhani tatizo ni la kwake peke yake.

Ninachotaka ni hiki. Miezi 18 ya michango ikishaonekana kwenye mfumo, sharti limetimia, basi mtu alipwe, na mapengo yaliyobaki mfuko uyadai kwa mwajiri kwa muda wake. Mimi miezi iliyoonekana inazidi 18 kwa mbali! Pengo la Machi halinipunguzii sifa, kwa nini linishikie malipo? Mwenye slipu inayoonesha makato, slipu hiyo ipokelewe kama ushahidi, mwajiri ndiye aje kuthibitisha kwamba haikukatwa. Barua ya kuachishwa yenye muhuri itoshe kufunga tarehe ya kuacha kazi. Na kila anayewasilisha maombi apewe karatasi ya mapokezi yenye tarehe, jina la afisa, na siku ambayo lazima awe amejibiwa kwa maandishi, ndiyo au hapana na kwa nini. Hapo hakuna linalohitaji sheria mpya bungeni. Ni utaratibu wa ofisi.

Kuna mtu atakuja kuniambia nitafute "mtu wa ndani" anisukumie faili. Nimeshaambiwa. Sitafanya hivyo, na nawaomba msiandike hayo hapa. Nikimlipa mtu ili nipate haki yangu, aliye nyuma yangu naye atalipishwa, na asiye na cha kulipa atakaa pale kwenye benchi mpaka achoke.

NYONGEZA: Wengi mnauliza kama nimeandika malalamiko rasmi. Ndiyo, nimeandika barua, nimeambatisha nakala za slipu na taarifa ya michango yenye yale maduara, na nimegongewa muhuri wa mapokezi kwenye nakala yangu. Msikabidhi barua bila kugongewa nakala, na msiache nakala halisi za slipu kwa mtu yeyote.

Sasa nauliza waliopitia haya: kuna aliyewahi kulipwa fao hili huku mwajiri wake akiwa bado anadaiwa michango? Ulipeleka karatasi gani, ukazungumza na ngazi gani, na walikulipa kwa mkupuo miezi iliyopita au walianza kuhesabu upya? Na ninyi wenzangu wa kampuni nyingine mliopunguzwa mwaka huu, wekeni hapa chini faili zenu zimekwama kwa sababu ipi. Msitaje majina ya watu. Tajeni sababu tu, tuone zinafanana kiasi gani, nami nitazikusanya niziambatishe kwenye barua inayofuata.