Kujiandaa kwa mtihani wa cheti cha tiba ya lishe kwa wasiovumilia baadhi ya vyakula

AfisaLishe_Tanga:
Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwa wenzangu wote. Ninajiandaa kwa mtihani huu nikitumia vitabu vilivyoandikwa kwa kufuata mlo wa Ulaya na Australia, na orodha za vyakula ni ndefu kiasi kwamba nikimaliza za ngano, za maziwa zimeshanitoka. Je, niendelee kuzikariri? Tena, wagonjwa wengine huja na majibu ya vipimo vya IgG (kingamwili za damu zinazodaiwa kuonyesha vyakula visivyomfaa mtu) walivyovilipia fedha nyingi, nivichukulieje?

Mkufunzi Mstaafu:
Marahaba, mwanangu. Weka orodha kando kwanza, ujiulize kila chakula kinafanya nini mwilini. Mzio wa karanga hutokana na kingamwili za IgE, na kiasi kidogo sana chaweza kuhatarisha maisha. Asiyevumilia laktosi, yaani sukari ya maziwa, ana upungufu wa kimeng'enya cha laktasi, na mara nyingi humudu kikombe kimoja cha maziwa akinywa pamoja na chakula. Ugonjwa wa siliaki ni jambo jingine kabisa: gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huchochea kinga ya mwili kuushambulia utumbo mwembamba. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa sababu mgonjwa aliyekwisha kuacha ngano anaweza kupimwa damu na kuonekana hana ugonjwa ilhali anao. Kwa hiyo apimwe kabla ya kuondolewa chakula chochote. Kuhusu IgG, jumuiya ya wataalamu wa mzio ya Ulaya, EAACI, ilieleza mwaka 2008 kwamba IgG4, aina mojawapo ya IgG, dhidi ya chakula huonyesha tu kuwa mwili umekizoea chakula hicho. Mweleze mgonjwa kwa upole, maana ameshatoa fedha zake.

Dada wa Kisauni:
Naongezea upande wa jikoni, kwa kuwa mlo wa kupunguza FODMAP (sukari na wanga wa vyakula fulani unaochacha tumboni) uliobuniwa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, hueleweka vizuri zaidi ukiwa mbele ya sufuria. Fruktani za kitunguu saumu, ambazo ni mojawapo ya FODMAP, huyeyuka katika maji, si katika mafuta. Ukikaanga punje nzima na kuzitoa kabla ya kutia nyanya, harufu na ladha hubaki na tumbo hutulia. Maharage nayo yaloweke, yachemshe, kisha umwage maji yake.

Kwetu pwani usisahau jodari. Akikaa juani baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza kemikali ya histamini ambayo haiondoki kwa kupikwa, na mlaji akiwashwa na kuiva uso hudhani ana mzio wa samaki.

AfisaLishe_Tanga:
Ahsanteni sana. Je, awamu ya kwanza ya mlo wa FODMAP, ya kuacha vyakula, ichukue muda gani?

Dada wa Kisauni:
Wiki 2 hadi 6, ndugu yangu, isizidi hapo. Baada ya hapo unarudisha kundi moja moja la vyakula, ukiongeza kiasi kwa siku 3 na kuandika dalili. Awamu hii ya kurudisha isome kwa makini zaidi, kwani mgonjwa akiachwa kwenye katazo kwa miezi mingi hukosa nyuzinyuzi na kalisi, na wengine huanza kuogopa chakula chenyewe.