Mbwa adimu wa kuwinda kwenye maonesho: kuna nini cha kuona ambacho picha haioneshi?

Mfuata Nyayo

Wadau, salaam. Mwezi Machi kuna Crufts, yale maonesho makubwa ya mbwa pale kwenye kumbi za maonesho za NEC, Birmingham, Uingereza. Nina tiketi ya siku moja, na nimechagua siku ya kundi la mbwa wa kuwinda (Hound). Ninaowalenga ni wale adimu: Otterhound, Basenji, Azawakh na wenzao. Beagle na Greyhound nawajua, hao mniachie.

Naomba mnisaidie mambo matatu. Mtu anapata nini kwa kusimama mbele yao asichokipata kwenye picha na video? Siku niipangeje nisiwakose, maana nasikia wengi hutoka bila kuwaona? Na nikimpenda mmoja, nimuulize nini mwenye mbwa?

Pua Ndefu

Mkuu, la kwanza nalijibu kwa neno moja: kazi. Mbwa wa kuwinda ameumbwa na windo lake pamoja na ardhi alikowindia, na ukiwa mbele yake unaisoma kazi hiyo mwilini mwake. Picha inakupa rangi tu. Ukubwa, harufu, sauti na mwendo huvipati.

Anza na Otterhound. Huyu alifugwa Uingereza kufuata harufu ya fisimaji kwenye mito na kingo zake. Dume husimama kama sentimita 69 begani, jike 61. Pichani utaona rundo la manyoya. Ukiwa naye ana kwa ana, omba ruhusa umshike: juu kuna nywele ngumu za sentimita 4 hadi 8 zenye mafuta kidogo, na chini yake manyoya mafupi yanayozuia maji yasifike kwenye ngozi. Mwombe mwenye mbwa amnyanyue mguu, kisha utanue vidole taratibu. Utaona ngozi imeviunganisha kama ya bata. Sikio nalo ni refu, na ukingo wake wa mbele umejikunja kwa ndani, linaning'inia kama pazia.

Halafu subiri atembezwe. Akienda polepole analegea, miguu kama inaburuzwa, na asiyemjua atasema mbwa amechoka. Akianza kutroti tu, hatua zinarefuka papo hapo na mwendo unachangamka. Badiliko hilo jaji analingoja, na wewe uling'ang'anie, kwa sababu ndilo linalotofautisha mbwa wa kufuata mto kutwa nzima na mbwa mkubwa tu mwenye nywele.

Uwindaji wa fisimaji ulikoma England mwaka 1978, mnyama huyo alipowekewa ulinzi wa sheria. Mbwa akabaki bila kazi. Leo Otterhound wanakadiriwa kuwa chini ya 1,000 duniani kote, na Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, imewaweka kwenye orodha ya mbegu za asili za Uingereza zilizo hatarini, yaani zile ambazo watoto wanaosajiliwa hawafiki 300 kwa mwaka. Bloodhound na Deerhound wamo humo pia, basi wapitie.

Basenji kwa sisi wasomaji wa Kiswahili ana uzito wake. Ametoka misitu ya Kongo, na jina lake lina mzizi ule ule wa neno letu "washenzi", walivyoitwa watu wa bara na wenye misafara. Neno lilikuwa la dharau, lakini mbwa aliyelibeba ni fundi. Dume ana sentimita 43 na kilo 11 tu, mkia umeviringika juu ya kiuno, na paji la uso lina makunyanzi yanayojitokeza masikio yanaposimama. Habweki kama mbwa wengine, bali hutoa mlio unaopanda na kushuka, karibu na wimbo. Kwa kuwa anawinda kimya, wenyewe humfunga njuga ili wajue alipo kichakani. Walipofikishwa Crufts mwaka 1937 walivuta umati mkubwa.

Makucha

Pua Ndefu kamaliza kwa hao. Mimi niseme juu ya mbwa wa mbio, wale wanaowinda kwa macho.

Azawakh ni mbwa wa Watuareg wa Mali, Niger na Burkina Faso, na ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote. Watu humwona na kunong'ona kwamba ana njaa. Mifupa ya nyonga na mbavu kuonekana chini ya ngozi kwake ni umbo sahihi: dume wa sentimita 64 hadi 74 ana kilo 20 hadi 25 tu. Mtazame ubavuni. Urefu wa kiwiliwili kwa kimo ni 9 kwa 10, kwa hiyo amesimama juu kuliko alivyo mrefu, na mifupa ya nyonga iko sawa na bega au juu yake. Umbo hilo hulipati kwa Greyhound. Pia hapendi mgeni amshike, na hilo ni la asili yake, siyo kasoro ya malezi. Jaji anayemjua hufanya ukaguzi mfupi bila kumwinamia.

Sloughi wa Morocco na Saluki wawekee jicho moja, uwalinganishe. Sloughi ana manyoya mafupi mwili mzima. Saluki wako wa namna mbili, mwenye mashungi masikioni na mkiani, na asiye nayo kabisa. Walioko Ghuba wanalijua hili vizuri, maana kwenye mashindano ya uzuri ya Saluki kule Abu Dhabi namna hizo mbili hushindanishwa mbali mbali.

Sasa ratiba. Kosa linalowaangusha wengi ni kufika adhuhuri. Aina yenye mbwa wachache huisha haraka, na ringi moja, yaani kiwanja kidogo cha ukaguzi, hubeba aina kadhaa kwa kufuatana. Saa iliyoandikwa ni ya aina ya kwanza. Zinazofuata huingia pale iliyotangulia inapomalizika. Kwa hiyo angalia namba ya ringi na nafasi ya mbwa wako kwenye foleni, uwe umesimama hapo asubuhi kabla ringi haijaanza. Kutoka London panda treni ya Euston hadi Birmingham International, mwendo wa saa moja na robo hivi, na kituo kimeungana na NEC kwa daraja la miguu. Nunua katalogi mlangoni. Aina ambazo bado ni chache na ngeni huko zinaweza kuwekwa pamoja kwenye daraja la rejista ya mbegu zilizoingizwa nchini, na usipolijua daraja hilo utampita Azawakh bila kujua.

Uwanja mkubwa wa jioni mimi nisingeupa kipaumbele. Humo huingia mshindi mmoja wa kila aina, nawe uko mbali.

Mfuata Nyayo

Asanteni sana. Makucha, kama uwanja mkubwa niuache, basi baada ya ringi niende wapi? Na kamera je?

Makucha

Nenda kwenye mabenchi. Crufts ni maonesho ya benchi: mbwa asiyekuwa ringini anakaa kwenye kizimba chake chenye namba, na namba hiyo unaikuta kwenye katalogi. Ndiyo maana unaweza kumfuata Otterhound aliyeshika nafasi ya nne ukamtazama nusu saa kwa utulivu. Usiende dakika chache kabla hajaingia ringini, maana ameshachanwa na mwenyewe ana wasiwasi. Nenda baada. Omba kwanza, peleka mkono chini ya kidevu, kamwe usiupitishe juu ya kichwa, hasa kwa mbwa wa mbio. Usimpe chakula. Ukimkosa kabisa, pita sehemu iitwayo Discover Dogs, ambako aina zaidi ya 200 zina vibanda na wenyewe wapo kujibu maswali.

Kamera: mwanga wa kumbi ni hafifu kuliko macho yanavyodhani. Weka kasi ya 1/500 au zaidi, fungua lenzi hadi f/2.8 kama inafika, ISO anzia 3200. Piga goti hadi lenzi iwe sawa na kifua cha mbwa. Ukipiga umesimama, miguu hufupika na mbwa wa miguu mifupi kama Basset Fauve de Bretagne atageuka soseji. Bonyeza wakati mguu wa mbele umefika mwisho wa hatua. Flashi zima.

Bi Mdogo wa Banda

Ndugu, swali la tatu mmelisahau, nami naliona ndilo zito, kwa sababu aina adimu ina damu chache.

Muulize mwenye mbwa kiwango cha undugu wa damu cha watoto anaokusudia kuwazalisha. Kaka na dada wa baba na mama mmoja wakipandishwa, watoto hupata asilimia 25. Wa mzazi mmoja, 12.5. Kennel Club ina kikokotoo mtandaoni, unaandika majina ya wazazi na wastani wa aina hiyo unaonekana. Anayekasirishwa na swali hili, muage kwa adabu.

Halafu vipimo. Kwa Otterhound dai majibu ya Glanzmann, ugonjwa wa chembe sahani za damu unaofanya kidonda kisikome kutoka damu, na alama za ukaguzi wa viungo vya nyonga. Kwa Basenji dai majibu ya Fanconi: figo zinashindwa kurudisha sukari na protini mwilini, zinapotea kwenye mkojo, na mbwa anakunywa maji kupita kiasi. Kipimo cha DNA cha moja kwa moja kipo tangu 2011. Hata hivyo wafugaji wengi hupima mkojo kwa kijiti cha sukari kila mwezi mbwa akishatimiza miaka 3, kwa kuwa dalili kwa kawaida huanza kati ya miaka 4 na 8.

Usiogope ukisikia mzazi mmoja ni mbebaji, yaani ana jeni moja ya ugonjwa lakini mwenyewe haugui. Mbebaji akipandishwa na aliye salama, hakuna mtoto atakayeugua, ingawa karibu nusu yao watakuwa wabebaji. Kuwatupa wabebaji wote kwenye aina yenye mbwa wachache ni kuitupa na damu nyingine nzuri waliyonayo. Wamarekani walilitambua tatizo la damu finyu: mwaka 1990 AKC, chama cha mbwa cha Marekani, ilifungua daftari lake la usajili kwa Basenji wapya walioletwa kutoka Kongo mwishoni mwa miaka ya 1980, na ndio walioleta ile rangi ya milia unayoiona leo ringini. Ukimwona Basenji mwenye milia, muulize mwenyewe ukoo wake.

Na ujue kalenda. Jike wa Basenji huingia joto mara moja tu kwa mwaka, wengi wakati wa vuli, mimba ni siku 63 hivi, watoto huzaliwa kuelekea mwisho wa mwaka. Machi watoto hao wengi wameshapata kwao. Utakayoomba pale ni nafasi kwenye orodha ya msimu ujao, basi nenda na anwani yako ya barua pepe imeandikwa kwenye vikaratasi kumi hivi, maana wenye mbwa mikono yao imejaa kamba na vitana.