Jiwe la buluu aliloliacha marehemu baba: ni tanzanaiti kweli, na thamani yake hupimwaje?

Mwana wa Simanjiro

Salaam kwenu nyote. Baba yetu, aliyekuwa mwanaapolo, yaani mchimbaji wa tanzanaiti, huko Mirerani kwa miaka mingi, ametuachia jiwe moja lililokatwa na kung'arishwa, halimo kwenye pete wala kidani, limefungwa ndani ya karatasi nyeupe ambayo juu yake ameandika "4.12" kwa penseli, basi. Mchana dirishani ni la buluu, lakini usiku chini ya balbu ya manjano huelekea zambarau. Broka mmoja alilitazama kwa muda usiofika dakika moja, akasema ni kioo, kisha akaomba alinunue. Naomba kujua namna ya kulitambua na kulithaminisha, kwa kuwa tuko ndugu wanne na hatutaki lawama.

Fundi Tindo

Pole sana kwa msiba, mdogo wangu. Huyo anayekitaka kioo kwa fedha zake amekwisha kukujibu nusu ya swali.

Namba hiyo inaelekea kuwa karati, kipimo cha uzito wa vito, na kwa kuwa karati moja ni gramu 0.2, jiwe linapaswa kuwa na gramu 0.824. Usilikwaruze kwa chochote, maana ugumu wa tanzanaiti ni kati ya 6 na 7 tu kwenye kipimo cha Mohs kinachoishia 10. Chukua miwani ya jua ya polaroidi, mulika jiwe kutoka nyuma kwa mwanga mweupe, kisha izungushe lenzi taratibu mbele yake, ukirudia kwa pande tofauti za jiwe: tanzanaiti iliyochomwa, na karibu zote zimechomwa ili rangi ya kahawia iondoke, itabadilika baina ya buluu na zambarau, ilhali kioo hakibadiliki hata kidogo. Halafu tazama kwa lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, ya mara kumi kupitia uso wa juu. Ukiona kingo za nyuma zimejirudia waziwazi kama mistari miwili, shuku fosteriti ya maabara, jiwe la kutengenezwa linalofanana na tanzanaiti, ambalo limewadanganya wengi.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi mwembamba lizame bila kugusa chini. Ukigawa gramu 0.824 kwa namba itakayosomeka, tanzanaiti itakupa takriban 3.35, na yakuti samawi takriban 4.00. Mizani isome hadi gramu 0.001, ile ya jikoni itakupotezea muda.

Bi Sonara

Fundi ameeleza vyema utambuzi, nami naongeza la thamani. Asikutajie mtu bei kwa picha, kwa sababu simu huongeza ubuluu. Rangi ndiyo inayotangulia: jiwe la buluu iliyokolea na lile la zambarau hafifu, hata yakilingana uzito, bei zake hazikaribiani. Baada ya hapo angalia ukataji. Liweke uso juu kwenye gazeti. Ikiwa herufi zinasomeka katikati, mkataji amelifanya bapa ili kuokoa uzito, na mnunuzi atalipunguzia bei. Kagua pia kingo kwa lupu, kwani rangi ya kupakwa huchubuka hapo kwanza.

Mwambie mthamini kwamba ni mirathi na kwamba mnataka bei ambayo mfanyabiashara angewalipa leo, kwa sababu thamani ya bima hufuata bei ya dukani na huwa juu zaidi. Mpeni kazi mtu asiyenunua mawe.

Mwana wa Simanjiro

Ahsanteni sana. Duka la dawa jirani limeniazima mizani: hewani gramu 0.824, na lilipozama mizani ilisoma 0.246, yaani takriban 3.35. Rangi zimebadilika kwenye miwani mbele ya dada zangu wawili, na kingo za nyuma hazikujirudia. Lakini herufi za gazeti zinasomeka katikati, na ubavuni pana mpasuko mdogo kama unywele. Jumatatu tunakwenda sote wanne kwa mtaalamu wa jemolojia, yaani elimu ya vito, Arusha, na karatasi ya baba tunaibeba vilevile.

Fundi Tindo

Mwonyesheni huo mpasuko kabla hajalishika kwa koleo. Na sonara asiliingize kwenye mashine ya kusafishia kwa mtetemo.