Kanisa limetufungia kuchagua tawi kwenye akaunti zetu, hii siyo sawa kabisa

Bwana asifiwe wakuu. Nimevumilia sana ila leo ngoja niseme.

Kanisa letu lina matawi Dar, Kibaha na Dodoma, siku hizi kila kitu kipo kwenye sistimu, ukiingia kwenye akaunti unabadilisha namba ya simu, picha, mpaka mtaa unaokaa. Tawi ndo huruhusiwi! Pale pana rangi ya kijivu, unabonyeza weee hapafunguki, pameandikwa "wasiliana na ofisi". Tulihama Mbagala mwaka jana, tunasali Kibaha, watoto wapo sande skuli Kibaha, mke wangu anaimba kwaya hapohapo, ila sistimu inatujua ni watu wa Mbagala. Ofisi ya Kibaha wanataka barua ya kule tulikotoka, ukienda kule katibu anakuuliza kwani mmekosana na mchungaji?

Mama mkwe alipofariki meseji ya msiba ikaenda kwa washirika wa Mbagala. Kibaha hawakupata kitu. Mke wangu kamzika mama yake bila kwaya yake, na wenzake wamejua tumesharudi kutoka kuzika. Hili sitalisahau.

Na msiniambie teknolojia haiwezi. Rock RMS, programu ya kutunza taarifa za waumini wanayotumia makanisa mengi ya Marekani, ina sehemu ya admini kuruhusu muumini achague tawi mwenyewe kwenye profaili, ni suala la setingi tu. Changamoto yake ni kwamba kule tawi linakaa kwenye familia nzima, kwa hiyo binti yangu aliyeko chuo Dodoma akibadilisha anatuhamisha wote. Hayo ndo ya kukaa kujadili, siyo barua.

Mimi naona shida ni zaka. Zangu zinahesabiwa Mbagala mpaka leo wakati choo cha watoto Kibaha kimeishia kwenye lenta. Tawi halitaki kupungukiwa, basi mnafungiwa humo.

Halafu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imani ya mtu ni taarifa nyeti na mwenye taarifa ana haki ya kutaka zilizokosewa zirekebishwe. Sina nia ya kumpeleka mchungaji wangu kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nampenda na amenibatizia watoto, ila nataka hiyo sehemu ifunguliwe, ofisi ipate taarifa tu kwamba fulani kahama.

Mnaosali makanisa yenye matawi mengi, kwenu mnachagua wenyewe au na nyie mnaomba barua?